Wa Mlangoni: Mwongozo Kamili wa Kupanga Kikosi cha Kuokoa Wazima Moto na Afisa wa Usalama Mjini Lamu

Ukelele wa moto ukipigwa mtaa wa Langoni, watu hufika kabla ya pampu. Huyu katoka na ndoo, yule na dumu, vijana wameshapanda dari la jirani, na punde kichochoro hakipitiki. Moyo huo umeokoa nyumba nyingi za mui huu na sitaki mtu auzime. Lakini katika msongamano ule hukosekana watu wa aina mbili. Kuna wale wa kusimama mlangoni na vifaa vyote mwilini bila kugusa moto, wakimsubiri mwenzao aliye ndani asije akapatwa na shida. Na kuna mmoja ambaye hashiki mpira wala ndoo, kazi yake ni kuitazama nyumba na kusema "tokeni" kabla haijaanguka.

Mwongozo huu ni wa watu hao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliikabidhi kaunti kazi ya zimamoto, kwa hiyo wa kwanza ninaowaandikia ni askari wa kaunti. Lakini naandika pia kwa walinzi wa nyumba za wageni Shela na vijana wa mitaa waliofunzwa kusaidia, kwa sababu usiku wa moto hao wote watakuwa kichochoro kimoja.

Kwa nini watu wazima wasimame tu

Tarehe 3 Desemba 1999, katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani, ghala la baridi lililoachwa lilishika moto. Ilisemekana kuna watu wasio na makao waliolala humo. Wazima moto wawili waliokuwa wakiwatafuta wakapotea, maana jengo lilikuwa la ghorofa sita, karibu halina madirisha, na ndani vyumba vimepandana. Wenzao wakaingia kuwatafuta, na wanne kati yao nao hawakutoka. Sita wakafa, na wale waliotafutwa tangu mwanzo walikuwa wameshaondoka zamani. Vifo vilikoma pale mkuu wao, Mike McNamee, aliposimama mlangoni akawazuia waliotaka kuingia tena. Watu waliokuwa wakilia mbele yake walitaka kuwafuata ndugu zao, naye akakataa. Sijui kazi ngumu kuliko hiyo.

Zaidi ya mwaka mmoja baadaye, Machi 2001, mji wa Phoenix ulimpoteza mzima moto Bret Tarver ndani ya duka kubwa. Idara yao ikafanya majaribio zaidi ya 200 kujua inachukua nini kumtoa mtu mmoja aliyeanguka ndani ya jengo kubwa. Jibu likawa watu 12 na muda wa wastani wa dakika 21, na katika kila waokoaji watano, mmoja alipata shida yeye mwenyewe. Majengo yao yalikuwa mapana, na nyumba zetu ni finyu. Ila ufinyu nao una mateso yake, nitayaeleza.

Kanuni ya usalama kazini ya Marekani ya mwaka 1998 ni fupi: wawili wakiingia penye hewa ya kuua, wawili wabaki nje tayari. Hata kama huna gari wala kamera ya joto, kanuni hiyo unaweza kuanza nayo leo.

Kabla ya moto: hesabu mitungi, si watu

Nguvu ya kikosi chako ni idadi ya mitungi ya hewa yenye barakoa nzima. Ukiwa na seti nne zilizojaa, wawili wanaingia na wawili wanabaki mlangoni. Ukiwa na tatu, au mbili, hakuna anayeingia. Mnapigana na moto kutoka nje, kutoka mlangoni na kutoka dari za jirani. Kanuni inaacha nafasi moja tu: pale inapojulikana kwa hakika kuwa kuna mtu hai ndani na kuna nafasi ya kumfikia mara moja. Hata hapo anayeamua ni mkuu wa tukio, si kelele za kichochoroni.

Na kanga iliyoloweshwa maji haihesabiwi kuwa seti. Inazuia masizi tu. Hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, hupita kwenye kitambaa kibichi kama haikioni, na humlegeza mtu magoti kabla hajatambua kwamba amelegea. Kijana asiye na mtungi ana kazi nyingi za maana nje, na mwambieni hivyo mapema, kwa heshima, kabla damu haijachemka.

Kikosi cha mlangoni kiwe cha watu wanne mkiweza, wawili mkikosa. Wakiwa wanne, wa kwanza anaongoza na kushika redio, wa pili anatafuta akiwa na kamba, wa tatu amebeba mtungi wa ziada, wa nne amebeba zana. Wekeni pamoja, kwenye mfuko mmoja au rukwama moja isiyoguswa kwa kazi nyingine:

- mtungi wa ziada wenye barakoa yake na mpira wake wa hewa;
- kamba ya mita 50 hivi;
- shoka, mtaimbo, na mkasi wa kukata waya;
- kurunzi mbili;
- mikanda mipana ya kuvutia mtu;
- kipande cha turubai nene la pamba chenye vishikio vya kamba pembeni. Machela hayakati kona za ngazi zetu. Nailoni usitumie, huyeyuka ikamgandia mtu.

Kisha tengenezeni vibati. Kila mzima moto awe na viwili vyenye jina lake, na pawe na ubao mmoja wenye misumari. Anayeingia anaacha kibati kwa mtunza ubao, naye anaandika saa aliyoingia na shinikizo la mtungi wake. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa hadi shinikizo la bari 300 una karibu lita 2,000 za hewa. Mtu anayevuta mpira ngazini anaweza kutumia lita 60 kwa dakika, maana yake nusu saa na kidogo, na aliyeshtuka hutumia zaidi. Hewa ya kurudi ihesabiwe kabla ya ile ya kuingia. King'ora cha mtungi hulia hewa ikikaribia bari 50 au 60, na kikilia mtu anatakiwa awe ameshatoka nje. Hewa ile ya mwisho ni ya ajali, si ya kazi.

Jifunzeni nyumba mchana

Ombeni ruhusa kwa wenye nyumba, ingieni mchana, muandike. Nyumba ya mawe ya Lamu haikujengwa ili mgeni aone ndani. Unapita daka la mlangoni, unaingia tekani, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia, halafu njia inapinda. Kupinda huko ndiko kunakosumbua: mpira hukwama kwenye kona, na mtu aliye msanani, chumba kirefu cha ndani, akigeuka nyuma haoni mwanga wa mlango alioingilia. Kwa hiyo weka mtu mmoja wa kudumu penye kona ya tekani. Kazi yake ni kulisha mpira na kuwa sauti ya kurejea.

Kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, ni rafiki wa mzima moto, maana kiko wazi juu na moshi hupanda. Lakini siku hizi vingi vimeezekwa mabati au makuti, na kiwanda kilichofunikwa hugeuka tanuri. Andika kila nyumba: kiwanda kiko wazi au kimefunikwa? Ngazi ziko wapi? Ndani kabisa, kwenye vyumba visivyo na dirisha, nani hulala? Kuna njia ya dari kwenda kwa jirani? Mitungi ya gesi imewekwa wapi? Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini, na wanaotambaa moshini ndio wanaokutana nayo.

Mfanye mazoezi kwenye nyumba hizo hizo. Jioni moja tulimlaza mwenzetu chumba cha ndani, tukaziba barakoa zetu kwa karatasi, tukaingia kumtafuta. Nyumba ile nilikuwa nimekula sikukuu humo tangu utoto. Nilimpita mara mbili, mkono wangu ukagusa ukuta upande wa pili wa mahali alipolala. Tangu siku hiyo simwamini anayesema "hiyo nyumba naijua".

Dakika za kwanza eneo la moto

Mkuu wa tukio atajwe kwa sauti, mmoja tu, asimame mahali anapoonekana, ikiwezekana kwenye njia panda ya vichochoro. Mtunza ubao akae karibu naye. Halafu, kabla mtu yeyote hajaingia, mteue afisa wa usalama na kikosi cha mlangoni. Wengi huliacha jambo hili hadi moto ukiwa mkubwa, wakati kila mkono umeshashikwa.

Ulizeni wenyeji, tena ulizeni wanawake wa nyumba, maana wao ndio wanaojua nani kalala wapi. "Mama, pole sana. Nani hujamwona? Alikuwa chumba gani?" Mzee wa mtaa apewe kazi ya kweli: kuwakusanya watu wa nyumba ile mahali pamoja na kuwahesabu. Kipaza sauti cha msikiti kikiwa karibu, ombeni kitumike kuwaambia watu kichochoro gani kiachwe wazi. Sauti ya imamu itasikilizwa kuliko kipenga chetu.

Umeme ukatwe kabla ya maji. Hapa kwetu mara nyingi tunavuta maji ya bahari, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko ya kisima.

Kikosi cha mlangoni kinaposubiri kisikae bure. Kivae kila kitu isipokuwa barakoa, ambayo iwe shingoni. Kisikilize redio ya walio ndani. Kitafute njia ya pili ya kutokea na kuiandaa: ngazi kwenye dirisha, mlango wa nyuma uliovunjwa kufuli, dari la jirani. Kiongozi awe anajua wakati wowote walio ndani wako chumba gani. Na kisikubali kutumwa. Mtu atakuja akisema, "Kaka, tushikieni huu mpira mara moja tu." Jibu ni hapana. Wakishika mpira, mlango hauna mtu.

Afisa wa usalama: macho ya nyumba

Huyu achaguliwe kwa ujuzi na ukaidi. Awe amewahi kuona nyumba ikianguka, au awe fundi wa mawe anayejua boriti. Avae kizibao cha rangi isiyofanana na ya mwingine yeyote. Mamlaka yake yasemwe mbele ya wote mwanzoni: akisema tokeni, mnatoka kwanza, mabishano baadaye, halafu anamweleza mkuu wa tukio. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri alinde maisha ya anaowafanyisha kazi, na moto hauiondoi sheria hiyo.

Vitabu vya kazi hii humwambia alizunguke jengo. Lamu huwezi kuzunguka, nyumba zimeshikana mgongo. Atapita kichochoro cha nyuma, atapanda dari la jirani wa kushoto, kisha la kulia, akiwa na msaidizi mmoja mwenye redio. Kila mzunguko aangalie yafuatayo, nami nitakaa hapa kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapofia.

Boriti kwanza. Sakafu ya nyumba ya mawe imebebwa na boriti za mikoko zilizochomekwa ukutani, na juu yake kuna matumbawe na chokaa, unene wa kutosha kumzika mtu. Boriti ikiungua ncha iliyo ndani ya ukuta, katikati itaonekana nzima huku haishikilii kitu. Dalili zake ni ndogo: vumbi la chokaa linadondoka ingawa hakuna anayetembea juu, lipu inapasuka mstari mrefu chini ya dari, sauti ya mti kulia, sakafu imelegea katikati. Ukiona mbili kwa pamoja, toa watu.

Pili, maji yenyewe. Chumba cha mita 3 kwa 6 kikituama maji sentimita 10, juu ya boriti zile kumeongezeka tani 1.8. Afisa wa usalama aulize: maji tunayomwaga yanatoka wapi? Kama mnapiga maji dakika kumi na mlangoni hayatiririki, yamekaa juu au yamenywewa na ukuta. Toboeni njia ya kutokea au punguzeni.

Tatu, mawe ya matumbawe. Ni chokaa kwa asili, na moto mkali wa muda mrefu huyarudisha kuwa chokaa: hulainika, humomonyoka. Ukuta uliotuna au uliogeuka unga usoni usiegemewe ngazi.

Nne, wikio. Chumba kinachovuka juu ya kichochoro ni daraja la moto kutoka nyumba hadi nyumba, na chini yake ndipo watu hupenda kusimama kwa sababu kuna nafasi. Likishika moto, marufuku kupita chini yake, hata kama ndiyo njia ya mkato.

Tano, makuti. Paa la makuti linaposhika, hakuna anayeingia chini yake. Moto unakaa upande wa ndani, na maji unayopiga juu yanateleza kwa sababu makuti yalishonwa yateleze maji. Vuteni kwa upembo mrefu kutoka pembeni, mrushe maji kutokea chini mkiwa nje. Huku afisa wa usalama atazame upepo. Wakati wa kaskazi cheche zitaelekea kusini magharibi, wakati wa kusi zitarudi upande wa kaskazini, na dari zilizoko huko ziwekewe watu na ndoo mapema.

Kanuni ya kawaida ya eneo la maanguko ni umbali wa mara moja na nusu ya urefu wa ukuta. Ukuta wa mita 10, ukae mita 15. Kichochoro cha mita 2 hakina mita 15. Basi ukuta ukitiliwa shaka, kichochoro chote mbele yake kinafungwa, kamba ncha hii na ncha ile, na maji yanarushwa kutoka kwenye kona au dari za nyumba zilizo imara. Nawaomba msilifanyie hili mzaha, hata mwenye nyumba akilia.

Na bahari. Pampu ikiwa imewekwa ufukweni, afisa wa usalama ajue saa za maji. Bamvua likipwa, mdomo wa pampu hubaki kwenye tope. Walio ndani waambiwe watoke maji yangali na nguvu, si baada ya mpira kulegea mikononi mwao.

Meidei

Chagueni neno moja la hatari na msilitumie kwa jambo lingine. Mabaharia wetu tayari wanalijua: meidei, mara tatu. Baada yake vitu vinne, kwa mpangilio huu: nani, wapi, nini, hewa ngapi. "Meidei, meidei, meidei. Ni Faraji. Niko msana wa juu, chumba cha pili kushoto. Dari limeniangukia mguuni. Bari 120." Zoezeni hadi itoke mdomoni bila kufikiri, maana mtu mwenye hofu husema "nisaidieni" na kunyamaza.

Wafundisheni waite mapema. Kijana wa kwetu huona aibu kuita. Amepotea dakika tatu, anajaribu mwenyewe, hewa inaisha. Kuita mapema ni sehemu ya kazi, na anayeitikia asimkaripie hata ikionekana alikuwa hatua mbili kutoka mlangoni.

Kipenga huwezi kukipiga ukiwa na barakoa usoni. Aliye ndani bila redio atumie kengele ya mwilini, ile inayolia yenyewe mtu asipotikisika kwa sekunde 30 hivi, au agonge chuma, na aelekeze kurunzi juu. Kipenga na honi ya boti ni vya walio nje: mlio mrefu usiokatika maana yake wote tokeni, acheni mpira.

Aliyekwama apunguze pumzi, alale karibu na ukuta, na kama anaweza kutambaa aufuate ukuta hadi kiwandani au dirishani.

Nje, mkuu wa tukio ananyamazisha redio yote isipokuwa ya aliyeita. Kikosi cha mlangoni kinaingia. Wakati huo huo kikosi cha pili kinachukua nafasi yao mlangoni, na ndiyo sababu mlihitaji watu zaidi ya mlivyodhani. Wa mpira waendelee kuzima. Moto ukiachwa ili kila mtu amkimbilie Faraji, moto utamfikia Faraji kwanza. Mtunza ubao ahesabu vibati vyote na kuita kila jina, kwa kuwa huenda waliokwama ni wawili.

Kumtoa

Kamba ifungwe nje kwenye kitu kisichong'oka, si kwenye mlango. Ingieni kwa kutambaa, msimame kila baada ya muda, mzuie pumzi, msikilize kengele yake. Mkimpata, hewa kwanza. Soma geji yake, mwunganishe na mtungi wa ziada, ndipo mfikirie uzito. Usivue barakoa yako kumpa. Mkifanya hivyo mtakuwa wawili wa kutolewa.

Kabla ya kumvuta, mkanda wa kiunoni wa mtungi wake ufunguliwe, upitishwe katikati ya miguu, ufungwe tena. La sivyo mtungi utamvuka kichwani. Mvuteni kichwa mbele, au mviringisheni kwenye turubai. Akiwa ghorofani, msikimbilie ngazi kwa mazoea: vipandio vyetu ni virefu na vyembamba, watu watatu hawageuki. Mara nyingi ni rahisi kumshusha kwa kamba kiwandani kilicho wazi, au kumpitisha dari la jirani ambalo kikosi cha mlangoni kilishaliandaa kilipokuwa kikisubiri.

Kupumzika na hesabu ya mwisho

Joto la hapa na mavazi mazito humwangusha mtu bila moto kumgusa. Aliyemaliza mitungi miwili apumzike dakika zisizopungua 20 kivulini, koti wazi, anywe maji, na mtu amtazame usoni. Anayejibu ovyo au aliyeacha kutoka jasho apelekwe hospitali.

Moto ukizimika barakoa zisivuliwe. Majivu yanayofuka hutoa sumu ile ile, na huu ndio wakati watu hukaa chini wakacheka wakiwa ndani ya moshi mwembamba. Afisa wa usalama abaki kazini mpaka mwisho, kwa sababu boriti huendelea kuungua ndani ya ukuta kwa saa nyingi na sakafu zimeanguka asubuhi yake, wenyewe wakiwa wanatafuta vyombo. Amweleze mwenye nyumba vyumba gani hapaswi kuvikanyaga, amwonyeshe kwa kidole, na afunge kamba mlangoni.

Kisha mtunza ubao asome majina, kila mtu aitike mwenyewe, asiitikiwe na rafiki yake, achukue kibati chake kwa mkono wake. Kibati kikibaki msumarini, hakuna anayeondoka.